Sura ya Sita: Mpango wa Simba Huanzia kwa Nguruwe

Mtaalamu wa wanyamapori anapofika kwenye mkutano wa kijiji katika mkoa wa Mtwara, iwe Kitangari, Masasi au kule Nanyumbu, swali linalomngoja ni moja. Bibi anayelinda mahindi usiku atauliza, kijana wa bodaboda atauliza, na hata mwalimu wa sayansi atauliza: mnyama anakula mazao na anaua watu, kwa nini Serikali imwandikie mpango wa kumlinda? Na mkulima, mpango wake uko wapi?

Wataalamu wengi wamezoea kulijibu swali hili kwa kutaja watalii na fedha za kigeni. Jibu hilo halimfikii mtu wa Kitangari. Watalii hushukia Arusha na Zanzibar. Huku kwetu mgeni anayeleta fedha ni mnunuzi wa korosho. Ukimwambia mkulima aliyeporwa ekari mbili za mahindi usiku mmoja kwamba simba ni fahari ya taifa, atakusikiliza kwa adabu kisha ataenda zake.

Sura hii inapita njia nyingine. Itaeleza mpango wa taifa wa kuwahifadhi wanyama ni kitu gani, umefaulu wapi na umeshindwa wapi, lakini itakaa sana shambani. Ninachoamini ni kwamba mpango wa simba usioanza na usalama wa mkulima hauwezi kumwokoa simba.

Maneno matatu kwanza

Neno la kwanza ni spishi. Spishi ni aina moja ya viumbe ambao huzaana wenyewe kwa wenyewe. Simba ni spishi moja, chui ni nyingine, hata kama wote ni jamii ya paka.

La pili ni mnyama wa asili, yaani aliyekuwepo mahali bila kuletwa na binadamu. Kunguru weusi wanaosumbua Dar es Salaam si ndege wa asili. Waliletwa Zanzibar kutoka India miaka ya 1890, wakaenea. Simba, kakakuona na komba wa huku ni wa asili. Wakiisha, hakuna pa kuwaagiza.

La tatu ni hatarini kutoweka. Shirika la kimataifa linaloitwa IUCN hutunza Orodha Nyekundu, ambayo ni daftari la viumbe wa dunia na hali zao. Wapo walio salama, wapo walio katika mazingira hatarishi, wapo walio hatarini na wapo walio hatarini kabisa. Wa mwisho kabla ya kupotea moja kwa moja ni wale ambao porini hawapo tena na wamebaki kwenye mabanda ya binadamu tu. Simba yuko katika kundi la mazingira hatarishi. Mbwa mwitu, yule mwenye mabaka ya rangi nyingi na masikio ya duara, yuko hatarini.

Mpango wenyewe unasema nini?

Mwaka 1992 mataifa yalikutana Rio de Janeiro yakakubaliana Mkataba wa Bioanuwai. Bioanuwai ni wingi wa aina za viumbe pamoja na mazingira yanayowalea. Tanzania iliuridhia mwaka 1996, na kwa kuuridhia ikajifunga kuwa na mkakati wake wa taifa. Mwaka 2009 Bunge lilitunga Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori namba 5, iliyochukua nafasi ya ile ya mwaka 1974. Mwaka huohuo Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori Tanzania, TAWIRI, ilitoa mpango wa kuhifadhi wanyama walao nyama, kuanzia simba, chui, duma, fisi na mbwa mwitu hadi wale wadogo ambao watu wengi hawajui hata majina yao. Tembo naye akapata mpango wake wa mwaka 2010 hadi 2015.

Ukiufungua mpango wowote wa namna hii, utakuta unajaribu kujibu maswali manne:

- Wanyama hawa wako wapi, na ni wangapi?
- Ni nini kinachowamaliza?
- Nani afanye nini, kwa fedha gani, na hadi lini?
- Tutajuaje kama imefanikiwa?

Swali la tatu ndilo gumu, na mara nyingi ndilo linalojibiwa kwa maneno laini. Wanaohusika ni wengi. TANAPA inasimamia hifadhi za taifa. TAWA, iliyoanza kazi mwaka 2016, inasimamia mapori ya akiba, yakiwemo Lukwika-Lumesule na Msanjesi ya upande wa Nanyumbu na Masasi. Wakala wa Misitu, TFS, una misitu. Halmashauri ina maofisa wanyamapori wachache, wakati mwingine bila gari. Ardhi ya kijiji iko chini ya kijiji. Mnyama hazijui ofisi hizi. Usiku mmoja anaweza kupita katika himaya za ofisi tatu kati ya hizo.

Nguruwe, dungu na simba

Kati ya mwaka 1990 na 2004 simba waliua watu wasiopungua 563 nchini Tanzania na kujeruhi wengine wasiopungua 308. Hesabu hiyo ilichapishwa mwaka 2005, na sehemu kubwa ya misiba yenyewe ilitokea kusini, katika mikoa ya Lindi na Mtwara na huko Rufiji. Hakuna nchi nyingine ya Afrika iliyokuwa na idadi ya kutisha kama hiyo kwa miaka hiyo. Mtu wa kusini anapomchukia simba, anamchukia kwa sababu ya makaburi anayoyajua.

Watafiti walipoyapanga matukio hayo kwa tarehe na mahali, picha iliyojitokeza haikuwatazama simba peke yao. Mashambulizi mengi yalikuja wakati wa mavuno, Machi hadi Mei. Waathirika wengi walikuwa shambani usiku, wamelala kwenye dungu. Kwa msomaji wa mjini: dungu ni kibanda cha miti na nyasi, mara nyingi kwenye jukwaa dogo, anapolala mkulima kulinda mazao. Madungu mengi hayana mlango wa maana. Mengine hayana ukuta.

Mkulima amelala pale kwa sababu gani? Kwa sababu ya nguruwe pori. Kundi moja la nguruwe likiingia kwenye mahindi yaliyokomaa au mihogo, asubuhi hukuti shamba, unakuta mabua yamelazwa na ardhi imefukuliwa. Nguruwe huja usiku, basi na mkulima hulazimika kuwapo usiku.

Na simba naye anakuja kwa sababu gani? Kwa sababu ya nguruwe huyohuyo. Katika wilaya nyingi zilizoathirika, wanyama wakubwa ambao simba hupenda kuwinda, kama nyumbu, pundamilia na nyati, walikuwa wamekwisha au wamebaki wachache mno. Nguruwe ndiye aliyebaki, na nguruwe yuko shambani. Simba mwenye njaa humfuata nguruwe, nguruwe anayafuata mahindi, na kati yao amelala binadamu ndani ya kibanda cha nyasi.

Kuna jambo jingine lililogunduliwa baadaye, na mkulima anaweza kulitumia bila kungoja fedha za mtu. Mashambulizi huongezeka katika siku zinazofuata mwezi mpevu. Mwezi ukishapita siku ya kumi na nne huchelewa kuchomoza, kwa hiyo saa za mwanzo za usiku, saa kumi na mbili jioni hadi saa nne, huwa giza tupu wakati watu bado wako nje: wanatoka kisimani, wanaenda chooni, wanarudi kutoka kwa jirani. Simba naye ametoka kwenye siku za mbalamwezi ambazo kuwinda ni kugumu, tumbo liko wazi. Siku hizo kumi hivi ndizo za kuwaingiza watoto ndani mapema.

Hapa ndipo naomba msomaji atulie kidogo. Kama ungekabidhiwa kazi ya kuandika mpango wa taifa wa simba kwa ajili ya Lindi na Mtwara, ungeanza na nini? Askari wenye bunduki? Mabango ya kusifia wanyamapori? Mimi ningeanza na nguruwe. Ningetaka fedha ya kuchimba mitaro kuzunguka mashamba yaliyo pembezoni, kwa kuwa nguruwe hupata taabu kuuvuka mtaro wenye kina. Ningetaka uwindaji halali wa nguruwe wenye utaratibu, tena kwa kuelewa kwamba kusini Waislamu ni wengi na hawali nyama yake, kwa hiyo mwindaji hana faida ya kitoweo na lazima alipwe kwa njia nyingine. Ningetaka dungu bora: jukwaa refu, kuta za miti iliyoshonana, mlango unaofungwa kwa ndani.

Hayo yote yanaonekana ni mambo ya kilimo. Ni kweli, na ndiyo maana mara nyingi yameachwa nje ya ofisi za wanyamapori. Lakini mkulima asipolala shambani, simba hapati nafasi kubwa ya kuua mtu. Na simba asipoua mtu, kijiji hakimtegi kwa sumu wala hakiitishi msako. Kila hatua niliyoitaja inapunguza pia idadi ya simba wanaouawa.

Lipo na jambo zito zaidi, ambalo mipango mingi huliruka kwa aibu. Huku kusini, na ng'ambo ya Ruvuma kwa ndugu zetu Wamakonde wa Msumbiji, simba anayeua watu mfululizo mara nyingi huonekana si simba wa Mungu. Husemwa ametengenezwa, ametumwa. Katika wilaya ya Muidumbe, Msumbiji, mwaka 2002 na 2003, hofu ya simba iliishia kwa wanakijiji kuwaua wenzao waliotuhumiwa kuwatuma. Mtaalamu anayekuja na kucheka imani hiyo hatasikilizwa tena. Anayefika haraka na askari wa wanyamapori siku ileile ya msiba, akamtafuta mnyama mwenyewe na kufuata nyayo zake pamoja na vijana wa kijiji, anaokoa maisha ya mtuhumiwa asiye na hatia. Kasi ya kuitikia ni sehemu ya uhifadhi, na ndiyo sehemu inayokosekana kila mara gari linapokosa mafuta.

*Kwa kifupi:* simba wa kusini anauawa kwa sababu anaua. Anaua kwa sababu ya nguruwe. Nguruwe anashinda kwa sababu mkulima ameachwa apambane naye peke yake.

Mpango upo, tembo wanakufa

Mwaka 2009 Tanzania ilihesabiwa kuwa na tembo 109,051. Sensa ya mwaka 2014 ilikuta 43,330. Tazama miaka hiyo vizuri: mpango wa tembo wa 2010 hadi 2015 ulikuwa umeshaandikwa. Tembo zaidi ya nusu walipotea mpango ukiwa juu ya meza.

Pori la Akiba la Selous ni miongoni mwa yaliyoumia sana, na mwaka 2014 pori hilo likaingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ulio hatarini. Bei ya pembe ilikuwa imepanda Asia, mitandao ya magendo ilikuwa na watu ndani ya mifumo ya Serikali, na askari wa porini walikuwa wachache na walilipwa kidogo. Karatasi haikamati jangili. Baada ya hapo ukaja mkakati wa taifa wa kupambana na ujangili mwaka 2014, operesheni za kiintelijensia zikaanza kuwafuata wafanyabiashara badala ya wapiga risasi tu, na mwaka 2019 mahakama jijini Dar es Salaam ikamhukumu kifungo cha miaka 15 raia wa China aliyejulikana kama Malkia wa Pembe za Ndovu, kwa magendo ya vipande 860 vya meno ya tembo.

Ujangili ulipopungua, tembo wakaanza kuonekana tena mahali ambapo kizazi kizima kilikuwa hakijawaona. Nachingwea, Liwale na Tunduru zinalijua hilo. Serikali ikatoa mkakati mwingine, wa mwaka 2020 hadi 2024, wa kushughulikia migongano kati ya watu na wanyamapori. Ulikuwa wa lazima. Kwa maoni yangu ulichelewa, kwa sababu kila aliyetaka tembo waongezeke alipaswa kujua mapema kwamba tembo walioongezeka watakula.

Wasio na askari wao

Tembo na simba wana watetezi. Nataka kuwataja wawili ambao hawana.

Wa kwanza ni kakakuona. Wazee wa sehemu nyingi za Tanzania wanakumbuka kwamba mnyama huyu akionekana hakupita bila wakubwa kuitwa. Alizungukwa na vitu: maji kwenye kibuyu, unga au nafaka, jembe, silaha. Akielekea kwenye maji, mvua itakuwa njema. Kwenye nafaka, mwaka wa shibe. Kwenye silaha, watu walijiandaa kwa ubaya. Akishamaliza kazi hiyo hakuliwa wala kuuzwa. Ile heshima ilikuwa sheria ya hifadhi iliyofanya kazi bila karani.

Leo magamba yake, ambayo ni kitu kilekile kinachotengeneza kucha zetu, yanatafutwa kwa siri kwa ajili ya dawa za Asia. Kakakuona akishtuka hujikunja akawa duara gumu. Ujanja huo humshinda simba, lakini kwa binadamu ndio unaomponza: unamwokota tu na kumtia kwenye mfuko. Huzaa mtoto mmoja kwa wakati. Mwaka 2016 mataifa yalikubaliana kupiga marufuku biashara ya kimataifa ya spishi zote nane za kakakuona. Kwa sheria ya Tanzania kukutwa na magamba yake bila kibali ni kosa kubwa, na kijana anayeshawishiwa na mnunuzi wa siri aelewe kwamba ni yeye atakayekamatwa, mnunuzi ameshaondoka.

Wa pili ni komba wa Rondo. Amepewa jina la uwanda wa Rondo mkoani Lindi, jirani ya uwanda wetu wa Makonde. Ana uzito wa gramu 60 hivi, sawa na yai moja la kuku, mwenye mkia uliosambaa manyoya kuelekea nchani. Usiku hurukaruka katika miti midogo ya chini akitafuta wadudu. Wanasayansi walimtambua rasmi kuwa spishi ya pekee miaka ya 1990, na baadaye akaingia katika orodha ya jamii 25 za nyani, kima na komba zilizo hatarini zaidi duniani. Anaishi katika vipande vichache vya misitu ya pwani: Rondo na Litipo mkoani Lindi, Ziwani mkoani Mtwara, Pugu, Kazimzumbwi na Pande karibu na Dar es Salaam, na Zaraninge. Nje ya Tanzania hajulikani kuwapo. Sisi tukimpoteza, dunia imempoteza.

Tatizo lake ni rahisi kulieleza. Mnyama yumo kwenye mipango ya wanyamapori, lakini nyumba yake ni msitu, na msitu una ofisi nyingine, bajeti nyingine na malengo mengine. Hakuna jangili anayemwinda. Anakufa kwa mkaa, kwa mbao na kwa shamba jipya.

Uwanda wa Makonde wenyewe ulikuwa umefunikwa na vichaka vizito, vilivyoshikana kiasi kwamba mtu alipita kwa panga. Vingi vimeondoka, mahali pake kuna mikorosho, mihogo na mbaazi, na familia zimesomesha watoto kwa mikorosho hiyo. Simlaumu yeyote. Ila vilivyobaki kwenye miteremko, makaburini na kuzunguka vyanzo vya maji ndiyo makao ya mwisho ya sange, yule mwenye pua ndefu inayochezacheza kwenye majani makavu, pamoja na ndege na komba wengine. Bonde la Kitangari, lenye visima vya Mitema vinavyosukuma maji hadi vijiji vya juu, lina sababu mbili za kuacha miti isimame.

Chura aliyerudi nyumbani kwa ndege

Kuchelewa kuna gharama, na Tanzania inaijua kwa jina: chura wa Kihansi. Aligunduliwa mwaka 1996 katika korongo la mto Kihansi, milima ya Udzungwa, wakati bwawa la umeme lilikuwa tayari linajengwa. Ana urefu usiofika sentimita 3, huzaa watoto walio hai badala ya kutaga, na aliishi sehemu moja tu duniani, pale mvuke wa maporomoko ulipolowesha majani. Maji yalipoelekezwa kwenye mitambo, asilimia 90 hivi ya maji ya korongoni yakapotea, na mvuke huo ukapungua mno.

Mwaka 2000 vyura 499 walisafirishwa kwenda Marekani kulelewa. Korongoni yakafungwa mabomba ya kunyunyizia maji. Mwaka 2003 waliobaki wakaanguka ghafla, na ugonjwa wa ukungu wa ngozi ukaonekana miongoni mwao. Mwaka 2009 ikatangazwa kwamba porini hayupo tena. Mwaka 2012 kizazi cha wale waliolelewa ugenini kikaanza kurudishwa Kihansi. Umeme tuliuhitaji, na naamini ungeweza kupatikana kwa gharama ndogo zaidi kama korongo lingechunguzwa vizuri kabla ya koleo la kwanza.

Kifuta machozi, na ramani ya kijiji

Turudi kwa yule bibi. Kanuni za mwaka 2011 ziliweka malipo yanayoitwa kifuta jasho kwa mazao na kifuta machozi kwa aliyeuawa au kujeruhiwa. Kwa kifo kiwango kilikuwa shilingi 1,000,000. Sheria yenyewe haiyaiti malipo haya fidia, na kwa kweli si fidia. Hakuna anayeweza kumwambia mjane kwamba fedha hiyo inalingana na mume. Hata hivyo ni haki yake, na wengi huikosa kwa sababu tukio halikuandikwa mapema, shamba halikupimwa au ofisa alifika nyayo zikiwa zimeshafutika. Mazao yakiliwa, mwite mtendaji wa kijiji siku hiyohiyo, na usiguse shamba kabla halijaonwa.

Kule Tunduru na Namtumbo vijiji vimekwenda hatua nyingine: vimetenga sehemu za ardhi zao kuwa jumuiya za hifadhi ya wanyamapori, kama Nalika na Mbarang'andu, ili tembo na mbwa mwitu wapite kati ya Selous na Niassa ya Msumbiji bila kukanyaga mashamba. Njia hiyo huitwa ushoroba. Haifai kila mahali, na uwanda wa Makonde uliojaa watu hauna nafasi ya namna hiyo. Sisi tuna chombo kidogo zaidi, nacho kinatosha kuanzia: mpango wa matumizi ya ardhi ya kijiji, unaotambuliwa na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 na Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2007. Mpango huo hupitishwa na mkutano mkuu wa kijiji, yaani wewe na mimi tukinyoosha mikono.

Mkutano mkuu unatakiwa kuitishwa kila miezi mitatu. Nenda kwenye unaofuata. Omba ramani ya kijiji ibandikwe ukutani, kisha uliza maswali mawili: vichaka vilivyobaki viko wapi kwenye ramani hii, na mashamba yanayoliwa na nguruwe kila mwaka ni yapi? Kama hakuna ramani, omba halmashauri ije iiandae nanyi, na majibu hayo mawili yaingizwe humo kabla haijapitishwa.